Uso wa Kukaa Kando ya Doanh

Kijijini kwa Thoa mkeka haufumwi na mtu mmoja. Kitanda cha kufumia ni kirefu na kazi yake ni ya wawili. Mmoja hukaa pembeni na ufito mwembamba, akipitisha funjo moja moja, nyasi ndefu za majini, katikati ya nyuzi. Mwenzake hukaa juu, ameshika ubao mzito kwa mikono miwili. Funjo likipita tu hushusha ubao, kishindo, likabanwa na yale yaliyotangulia. Mpitishaji akichelewa, mpigaji anapiga nyuzi tupu. Mpigaji akiwa na haraka, ufito wa mwenzake unavunjika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Watu wa huko wakitaka kuwasifu wawili wanaopatana, husema hao wangeweza kufuma pamoja, basi, hawaongezi neno.

Thoa aliingia nyumba ile akiwa bi arusi wa miaka kumi na tisa. Yeye alipitisha na mumewe Doanh alipiga, miezi mitano. Mwezi wa sita Doanh akaitwa vitani, kusini. Asubuhi aliyoondoka kulikuwa na mkeka kitandani umefika nusu, mkeka mwekundu wa arusi ya watu wengine. Mama yake, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Sen, alisimama mlangoni mpaka mwanawe akapotea nyuma ya mianzi. Kisha akaingia ndani, akapanda mahali pa mwanawe, akashika ubao.

"Njoo tumalize," akamwambia mkwewe. "Funjo likikauka halibanwi tena."

Wakamaliza ule, wakatandika mwingine. Doanh hakurudi. Mwaka wa tatu ilikuja karatasi ya serikali kusema amekufa ng'ambo ya mto mmoja huko kusini, na mwili wake haujapatikana mpaka leo. Hakuacha mtoto. Wanawake wale wawili wakaendelea, mmoja akipitisha, mmoja akipiga, miaka arobaini, mpaka mabega ya Mama Sen yakakataa. Siku hizo mashine zilikwisha kuingia kijijini. Thoa akawa anapindia kingo za mikeka ya mashine, na kitanda chao kikabaki ukutani kimeegemezwa, nyuzi zimelegea.

Wakati wa habari hii Mama Sen alikuwa na miaka tisini. Macho yake yalikuwa na ukungu, haoni ila mwanga wa mlango. Kusema naye lazima upige kelele, na sauti ikipigiwa kelele sikioni zote huwa moja, ya mwanao na ya mpita njia. Mikono nayo haikumsaidia kumjua mtu, kwa sababu kila mwanamke wa pale ana viganja vile vile vilivyochanwa na mafunjo. Kilichobaki kwake ni nyuso. Kila asubuhi, Thoa akishamwosha na kumketisha, Mama Sen aliinua mkono akampapasa shavu, na kidole gumba kikashuka polepole kwenye ule mfereji mrefu utokao puani hadi pembe ya mdomo. Kikifika chini alisema, "Thoa." Ndipo alipofungua kinywa kwa uji.

Thoa alikuwa na miaka sitini na minane, na hakuwahi kuuwaza mfereji ule mpaka siku ya picha.

Wazee wa huko hupiga picha yao ya mwisho mapema, wakiwa bado wanatembea, ili siku ikifika watoto wasihangaike kutafuta picha ya kuweka juu ya meza ya wahenga. Si mkosi. Wanasema hata inarefusha maisha. Chama cha wazee kilimleta mpiga picha kutoka mjini, akatundika kitambaa cha buluu kwenye ukumbi wa kijiji, na wazee wakakaa kwenye viti vya plastiki wakingoja zamu, nywele zimelowa mafuta, wakitaniana.

Aliyekaa karibu na Thoa ni Gam, rafiki yake wa tangu wote wawili ni mabibi arusi. Gam alikuwa mjane pia, lakini mumewe alikufa mzee, hana jino, na Gam alisema picha zao zitalingana kama jozi ya ndala.

"Wewe mwenzangu ndiye nakuonea huruma," akamwambia Thoa. "Ukikaa pale kando ya Doanh wako, wageni watawasha ubani na kusema masikini mama huyu, alifiwa na mwanawe."

"Mwanawe wapi?" akadakia mzee wa kiti cha nyuma. "Mjukuu!"

Ukumbi mzima ukacheka. Thoa alicheka pia, tena alicheka mpaka akafuta machozi, na zamu yake ilipofika akakaa mbele ya kitambaa cha buluu kama wenzake. Lakini jioni alipokuwa akifuta vumbi kwenye meza ya wahenga, alichukua picha ya Doanh, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Ilipigwa mjini juma moja kabla hajaondoka. Miaka ishirini na miwili, shati la jeshi kola imempwaya, masikio yametoka nje. Hana kaburi. Mahali pake pote duniani ni fremu ile. Juu ya kioo, mbele ya uso wa Doanh, Thoa aliuona uso wake mwenyewe, na akaona kwamba Gam hakusema uongo.

Wafu hawazeeki. Hilo alilijua siku zote, lakini hakuwahi kulipigia hesabu. Alikuwa amengoja miaka arobaini na minane akae tena kando ya mumewe, na sasa atafika pale akiwa mtu ambaye Doanh hajawahi kumwona. Mumewe alimjua miezi mitano tu. Atamtambuaje?

Alipokwenda kuchukua picha yake, mpiga picha alikuwa ameshamtengeneza kwa kompyuta. Uso ulikuwa laini kama yai lililomenywa.

"Huyu simjui," Thoa akasema.

Mpiga picha alimwambia wenzake wote wamezipenda zao, hata Gam, tena Gam aliomba aongezewe nyusi. Thoa akaisukuma bahasha kwenye meza taratibu, kwa aibu, kama mtu anayerudisha chakula. Moyoni mwake picha ile ilikuwa kama mkeka wa mashine unaouzwa kwa jina la mkeka wa mkono. Anayejua mikeka hadanganyiki, na Doanh alijua mikeka. Kama uso utatengenezwa, basi utengenezwe wenyewe, kwenye nyama na ngozi, halafu ndipo upigwe picha.

Mtu wa kumsaidia alikuwa Ngan, mke wa mtoto wa shemeji yake, anayekaa nyumba ya pili na kushona nguo kiwandani. Ngan alikuwa amejazwa kidevu kwa sindano mwaka alioolewa, na hakuona ajabu yoyote. Alisema siku hizi hata wauza samaki wanafanya. Alichosisitiza ni kwamba wasiende kwenye saluni za mtaani, ambako msichana aliyejifunza siku tatu anachoma watu juu ya kitanda cha kuoshea nywele. Rafiki yake mmoja alipata kovu puani kwa njia hiyo. "Tutakwenda kwa daktari, Mama mkubwa," akasema. "Na usimwambie Gam, maana kijiji kitajua kabla hatujapanda basi."

Thoa alichukua akiba aliyoiweka kwa ajili ya mazishi yake, akaona ni haki itumike, kwa kuwa na hili ni jambo la mazishi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimpa Thoa kioo, akamwonyesha kwa kidole bila kumgusa. Alieleza kuwa uso ukizeeka si ngozi tu inayokunjamana. Mafuta ya chini yake yanapungua na kuteremka, mfupa nao unanywea kidogo, na ngozi inabaki kama chandarua kilichokatika kamba mbili. Dawa ya kujaza ni kama utomvu mzito, ya namna ile ambayo mwili wenyewe unayo. Inachomwa chini ya ngozi, mashavuni na kando ya mdomo, ikainua kilicholala. Hakuna kupasuliwa. Alimuuliza kuhusu dawa anazokunywa na magonjwa aliyonayo, akaandika yote. Akasema hatamrudishia ujana, atampunguzia miaka kadhaa tu, na baada ya mwaka au zaidi kidogo dawa itayeyuka yenyewe. Na asipoipenda, ipo sindano nyingine ya kuiyeyusha mapema.

Thoa akasema hata siku moja inamtosha.

Daktari akainua macho kwenye karatasi zake. "Siku gani hiyo, bibi?"

"Ya picha."

Daktari alitabasamu, akadhani ni arusi ya mjukuu, na Thoa hakumsahihisha.

Sindano hazikuuma kama alivyoogopa. Alihisi kitu kikisukumwa chini ya shavu, kikipita, kikitulia mahali pake, na akiwa amefumba macho alikumbuka ufito na funjo. Alirudi nyumbani alasiri, uso umevimba, alama mbili za bluu chini ya macho. Gam, aliyeshinda na Mama Sen siku ile, alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Habari yako, dada. Doanh ameoa mke mwingine?" akasema. Kisha akaona macho ya Thoa, akaacha utani, akaenda kumtafutia barafu.

Asubuhi iliyofuata Thoa alimwosha mama mkwe wake kama kawaida, akamketisha, akapiga magoti mbele yake na bakuli la uji wa mchele. Mkono ukainuka. Ukapapasa shavu. Kidole gumba kikashuka kutoka puani kutafuta njia yake, kikateleza. Kikarudi juu, kikajaribu tena.

"We nani?" akauliza Mama Sen.

Thoa akamwinamia sikioni, akapaza sauti kwamba ni yeye, ni Thoa.

Mama Sen akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu mzima anayedanganywa na mtoto. "Thoa ana mifereji hapa, maji ya mvua yanapita. Wewe ngozi yako imejaa. Nani kakutuma?"

Siku ile hakula mpaka mchana, akala kwa adabu ya mgeni, vijiko vitatu, akashukuru. Thoa alijituliza kwamba ni uvimbe, utashuka. Uvimbe ulishuka siku ya tano, alama za bluu zikafifia, na shavu likabaki limejaa na laini. Kila asubuhi kidole kilishuka, kikateleza, na Mama Sen akauliza Thoa yuko wapi. Mwanzoni Thoa alijibu kila mara, ni mimi, Mama, ni mimi, mpaka koo likamkauka na majirani wakachungulia. Siku ya nane alichoka. Akainama akapiga kelele, "Amekwenda kukata mafunjo. Atarudi." Mama Sen akaitikia kwa kichwa, akafungua kinywa, akala bakuli zima. Tangu siku ile ndani ya nyumba ile Thoa akawa mgeni anayemlisha mama wa mtu mwingine.

Siku ya kumi alikwenda mjini kupigwa picha. Alivaa nguo yake ya hariri ya rangi ya zambarau. Mpiga picha alimwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera, na Thoa akashika ukingo wa meza. Ilikuwa yeye. Si yai, si mtu wa kompyuta. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, amechoka kidogo, lakini mzima, na ndani yake mtu mwenye jicho zuri angeweza kumwona yule msichana. Kando ya Doanh angefanana na dada yake mkubwa. Dada hamkeri mtu. Mpiga picha akasema fremu itakuwa tayari baada ya juma moja, na Thoa alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo hakuweza kumsimulia yeyote.

Asubuhi ya siku ya kwenda kuichukua, alikuwa akimlisha Mama Sen uji. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mlango ulikuwa wazi. Mama Sen alimeza, akageuza macho yake ya ukungu upande wa mwanga.

"Binti, una mume wewe?"

"Alikufa," Thoa akampigia kelele sikioni.

"Basi olewa. Usikae kwa mkwe. Sisi wakwe ni watu wabaya."

Thoa akatabasamu, akajaza kijiko. Lakini kinywa hakikufunguka kwa uji, kilifunguka kwa maneno. Mama Sen alizungumza polepole, kama mtu anayefumua mkeka wa zamani bila kukata nyuzi. Alisema mwaka uliofuata ile karatasi ya serikali alikuja mwanajeshi mwenye mkono mmoja. Thoa alikuwa amekwenda kukata mafunjo. Yule mtu alikunywa chai, akasema alikuwa na Doanh kabla hawajavuka mto, na Doanh alimpa ujumbe.

"Alisema, mwambie mama, nisiporudi amwoze Thoa kama binti yake wa kumzaa. Asizeekee kwenye kitanda cha mikeka." Mama Sen akahema. "Wapo waliofanya hivyo kwa wake wa wana wao. Wakawapikia na arusi. Mimi nilimpa yule mtu mkeka mzuri, nikamwomba apite njia ya nyuma, asipite mashambani."

Thoa alikuwa bado ameshika kijiko hewani.

"Ningefuma na nani?" akasema Mama Sen. "Niambie wewe. Ningefuma na nani?"

Kisha akasema la pili, kwa haraka, kama kitu kidogo kilichonasa kwenye kikubwa. Kulikuwa na mnunuzi wa mikeka kutoka mkoa wa pili, mtu mpole, mwenye baiskeli. Alikuja na tambuu na popoo kumposa Thoa. Mama Sen akamwambia Thoa ameweka nadhiri hekaluni kwamba hataolewa tena. Hakuja tena.

"Usimwambie," akasema, akimshika mgeni wake kifundo cha mkono. "Akirudi nitamwambia mwenyewe. Lakini arudi kwanza. Wewe unaona, toka kidogo, mwangalie barabarani."

Thoa alimfuta mdomo kwa kitambaa. Akachukua bakuli akaenda kisimani, akaliosha, akaliosha tena. Alimkumbuka vizuri yule mnunuzi. Alifunga mikeka kwenye baiskeli kwa kamba, akaomba kikombe cha pili cha chai hata kama cha kwanza hakijaisha. Misimu miwili. Alipoacha kuja, Thoa alikuwa na miaka ishirini na sita, na alikwenda mara nyingi kwenye mtungi wa maji kujitazama, akitafuta ni kitu gani usoni mwake kilichomfukuza yule mtu. Hakukipata, lakini aliamini kipo. Aliamini hivyo miaka arobaini na miwili.

Na Doanh. Alikuwa amemtunzia Doanh kitu ambacho Doanh hakuomba kitunzwe. Doanh alifungua mlango, na mtu mwingine akaufunga, na yeye akakaa ndani akidhani huko ndani ndiko kwake.

Hakwenda kuchukua picha. Siku mbili alimlisha mama mkwe wake bila kusema neno, na kila kidole kilipoteleza usoni mwake alikiacha kiteleze. Alijua anafanya nini. Alikuwa akimwadhibu, na adhabu ilikuwa rahisi mno, ya kukaa kimya tu. Siku ya tatu Mama Sen alifumba kinywa. Ngan alijaribu, Gam alijaribu kwa supu ya kuku, akageuza uso. Alisema atakula Thoa akirudi. Siku ya nne alisema hivyo hivyo, kwa sauti ndogo zaidi, na ngozi ya mikono yake ikaanza kukaa kama kitambaa kilichotupwa juu ya fimbo.

Gam akamvuta Thoa nje, chini ya upenu. Hakujua lolote la yule mwanajeshi wala la mnunuzi. Alichojua ni kile alichokiona.

"Mwenzangu, uso wako ni mzuri, sisemi," akasema. "Lakini huyu hana mwaka wa kungoja uyeyuke."

Thoa alipanda basi la asubuhi peke yake.

Daktari alimpapasa mashavu, akauliza kama amepata maumivu, kama haikumpendeza. Thoa akasema imempendeza sana, hajawahi kuwa na uso mzuri hivi. "Lakini kuna mtu ananitafuta," akasema, "na hanioni."

Daktari hakuuliza zaidi. Alimchoma mkononi tone moja la ile dawa ya kuyeyusha, wakangoja waone kama mwili utaikataa dawa. Haukuikataa. Akamwonya kwamba atajiona amezeeka kuliko mwanzo, kwa sababu macho yameshazoea. Kisha akaanza, kidogo kidogo, mahali pale pale palipojazwa. Safari hii iliuma, iliwasha kama siafu, na Thoa alilia, na daktari akasimama akamngoja.

Asubuhi ya pili baada ya hapo alipiga magoti mbele ya Mama Sen bila bakuli. Alichukua ule mkono mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa hauinuki tena vizuri, akauweka shavuni. Kidole gumba kikatafuta. Kikaupata mfereji, kikatumbukia, kikashuka taratibu hadi chini.

"Thoa."

"Nimerudi, Mama."

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Kukata mafunjo. Shamba lilikuwa mbali."

Mama Sen akakubali. Kidole kilibaki pale pale kwenye pembe ya mdomo, kama kinaogopa kupotea tena. "Alikuwapo mgeni hapa," akasema. "Mtu mzuri, mwenye subira. Amekuambia neno?"

"Hakuniambia kitu, Mama."

Thoa akangoja. Alingoja kwa mwili wote, kama mpitishaji anavyongoja ubao uinuke. Mama Sen alifungua kinywa, midomo ikatikisika, akavuta pumzi. Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni. Pumzi ikatoka bila kitu. Kinywa kikabaki wazi, na baada ya muda Thoa akaelewa kwamba kinangoja uji. Akaenda akauleta. Mama Sen alionja, akameza.

"Leo umezidisha chumvi," akasema.

Aliishi siku kumi na tisa zaidi. Kila asubuhi kidole kilishuka, kila asubuhi alisema "Thoa," na kila asubuhi Thoa alingoja. Alikufa baada ya kula, mkono umelala juu ya goti la mkwewe. Kijiji kizima kilikuja na vitambaa vyeupe kichwani. Walimsifu Thoa mbele ya jeneza, wakasema miaka arobaini na minane, hata binti wa kuzaa hafanyi hivi. Wakasema hao wawili walifuma pamoja hadi mwisho. Thoa aliinama kwa kila mmoja. Alilia sana, na hakuna aliyejua alikuwa akimlilia nani.

Mpiga picha alituma salamu mara mbili kwamba fremu iko tayari. Alipoona haichukuliwi, akaiweka dirishani pake iwe ya kuvutia wateja, na watu wa kijiji wakienda mjini humwona yule mwanamke wa nguo ya zambarau, wakapita. Jua limeanza kumla rangi upande mmoja. Mpiga picha alipokuja tena kijijini kwa ajili ya wazee, Thoa alikaa mbele ya kitambaa cha buluu, akamwambia apige hivi hivi, asiguse kitu.

Huko siku ya mia baada ya kifo ndiyo siku ya kuacha kulia. Siku hiyo Thoa, Ngan na Gam waliitoa picha ya Mama Sen kwenye meza yake ndogo ya matanga, wakaipandisha juu ya meza ya wahenga, kushoto kwa Doanh. Ilipigwa akiwa na miaka themanini na tisa. Gam aliwatazama wale wawili, mvulana wa masikio makubwa na kikongwe asiye na meno.

"Anaonekana kama nyanya yake," akasema polepole, na hakuna aliyecheka.

Ngan alisogeza chombo cha ubani kidogo, akaacha nafasi upande wa kulia wa Doanh, kama inavyostahili mke. Hakusema ni ya nini. Thoa aliiona. Akaichukua picha ya mumewe kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka mwisho wa meza, ile nafasi ikazibika. Kisha akaisukuma ile ya Mama Sen katikati, pakabaki pengo upande wake wa kushoto, upana wa fremu moja.

"Siku yangu ikifika, niweke hapa," akamwambia Ngan. "Kando ya Mama."

Ngan akauliza, kwa heshima, na Baba mkubwa Doanh je, aliyengojwa miaka yote hiyo.

"Yeye alishasema lake," Thoa akasema, akaokota kitambaa chake cha vumbi. "Mama bado ana neno la kuniambia."